Mwisho Ambao Dereva wa Foklifti Hakuusimulia

Kile kitabu nilikichukia kabla sijakisoma, na nilipokwisha kukisoma nilikichukia kwa sababu bora zaidi.

Kilinifikia kwanza kwa masikio, katika chumba cha kulia cha ghala moja si mbali na kituo cha treni cha Fairfield, Sydney, ambako tulikuwa tukipanga sabuni na vyakula vya makopo kwa ajili ya maduka makubwa. Aliyekisimulia alikuwa dereva wa foklifti, mwanaume wa makamo kutoka Shandong, China. Alisimulia kwa Kiingereza chake kibovu kwa watu wenye Kiingereza kibovu zaidi, akisaidiwa na mikono, kijiko na kifuniko cha chombo chake cha chakula. Hakuna aliyekosa kuelewa. Kijiko kilikuwa upanga, kifuniko kilikuwa ngao, na mikate ya mvuke aliyofungiwa na mkewe ilikuwa vichwa vya watu.

Ni hadithi ya wahalifu, nayo ina karne nyingi. Watu mia moja na wanane, kila mmoja na jambo lililomtupa nje ya sheria. Huyu alikuwa ofisa wa jeshi aliyesingiziwa na mkubwa wake, yule ameua, mwingine ni mwizi tu na hana kisingizio. Mmoja mmoja wanakimbilia kwenye kinamasi kikubwa chenye mlima katikati, wanaapa undugu, wanapora matajiri na kuwatimua askari wa mfalme. Yupo aliyemuua chui milia kwa ngumi akiwa amelewa. Yupo mtawa mlevi aliyeng'oa mti na mizizi yake. Kinamasi chenyewe kipo kwao Shandong, au kilikuwepo kabla hakijakauka, na dereva alikitaja kama mtu anayetaja shamba la baba yake.

Wanaume wa meza yetu walikipenda mara moja. Mimi nilikuwa ninachemka kwa hasira.

Ninatoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Kabla ya Australia, na kabla ya kambi ya wakimbizi, nilikuwa mtangazaji wa redio ndogo, na kazi yangu ilikuwa kupanda milimani juu ya mji na kinasa sauti kuzungumza na watu walioporwa. Watu wa msituni ninawajua. Na wao walikuwa na mianzo mizuri: huyu alinyang'anywa shamba, yule alipigwa na mwanajeshi mbele ya wanawe. Na wao waliitana ndugu. Ng'ombe wa kwanza waliyempora alikuwa wa tajiri, wa pili wa jirani wa tajiri, na baada ya hapo ilikuwa ni ng'ombe wa mjane na mbuzi wa mjane na mjane mwenyewe. Sijawahi kukutana na wahalifu walioishia kwa tajiri. Kwa hiyo nilipomwona dereva akirusha mkate juu na kuukata kwa kijiko huku watu wakishangilia, nilimuuliza alichokuwa akistahili kuulizwa.

"Wanawake je? Kati ya hao mia na nane, wanawake ni wangapi?"

"Watatu," alisema. Alikuwa akiniita dada mkubwa, ndivyo kwao wanavyomwita mwanamke aliyewatangulia umri. "Lakini wakali sana, dada mkubwa. Mmoja ana nyumba ya wageni."

"Anafanya nini humo?"

"Anawapa wasafiri pombe yenye dawa. Wakilala, anawachinja. Nyama anaitia kwenye mikate."

Meza nzima ilicheka.

"Shujaa," nilisema.

"Shujaa," alikubali, akauma mkate.

Sikuweza kuyakimbia masimulizi yake. Nikianza kuangalia jambo huwa ninaliona kila mahali, na kile kitabu kilikuwa kila mahali kweli. Dereva alikuwa na mmoja wa wale wahalifu amechorwa kwa chale kwenye mkono, chini ya shati la kazi. Simu yake ilikuwa na mchezo wao. Alipokuwa mtoto, alituambia, picha zao zilikuwa zinatiwa ndani ya pakiti za tambi, na watoto wa mtaa mzima walikula tambi kavu hadi matumbo yakauma ili wakusanye kundi lote. Bibi yake alikuwa akitazama tamthilia yao kila iliporudiwa. Mkahawa wa tambi karibu na kituo umewachora ukutani, wote wamekunja nyuso, na chini yao familia zinakula supu. Nyumbani Guildford binti yangu, ambaye huelewa Kiswahili changu chote na kunijibu kwa Kiingereza, aliinua macho kutoka kwenye kompyuta na kuniambia kwamba mchezo wake wa Kijapani, ule wa kuwakusanya mashujaa ngomeni, umetoka hukohuko. Kitabu cha majambazi wa zamani wa nchi ya watu kilikuwa kimeingia hadi sebuleni kwangu bila kupiga hodi.

Meza yetu ilikuwa ya dirishani. Tuliikalia sisi tunaosema Kiswahili: Wakongo wengi, Warundi wachache, na Mkenya mmoja aliyekuwa akisoma uuguzi na kufanya zamu za asubuhi. Mkubwa wetu alikuwa mtu wa Fizi aliyekaa miaka mingi kambini Nyarugusu kabla ya kuletwa Sydney. Tulimwita Grand. Wakongo tulilichukua neno hilo kwenye Kifaransa, na kwetu ni kaka mkubwa, awe wa tumbo moja nawe au la. Alikuwa mrefu, mtulivu, mwenye ndevu zilizoanza kuota mvi, na alikuwa na namna ya kukunja mikono kabla ya kusema ambayo ilifanya hata Mkenya anyamaze.

Dereva alipoelezwa maana ya neno Grand, alipiga meza kwa kiganja. Ndivyo hasa, alisema. Kiongozi wa wale wa kinamasini naye si mpiganaji hodari, si tajiri, si mzuri wa sura, lakini kila mtu anamwita kaka mkubwa na kila mtu yuko tayari kumfia. Akaanza kutupangia viti. Katika kile kitabu viti vina daraja, na jambo kubwa kuliko vita vyote ni siku wanapokaa kila mtu kwenye kiti chake, wa kwanza hadi wa mwisho. Grand alipewa kichwa cha meza. Mkenya alipewa cheo cha tabibu. Mimi nilipewa kiti cha karibu na pipa la taka, na cheo cha mpelelezi.

"Inakufaa, mama ya redio," Grand alisema.

"Kinanuka," nilijibu.

"Mpelelezi hachagui harufu."

Walicheka tena. Lakini kuanzia siku hiyo watu walikaa kwa mpangilio ule, na mtu mgeni akikaa kwenye kiti cha mwenzake aliangaliwa hadi akasimama.

Kiti cha mkono wa kuume wa Grand kilikuwa cha dada mmoja Mrundi. Dereva hakuwa amekusudia kumweka pale. Alikaa mwenyewe na hakuna aliyemwondoa. Yeye na Grand walikuwa wa kambi moja. Mumewe alipofariki huko, jamaa wa Grand ndio waliomzika na kumchukua yeye na watoto, na tangu hapo neno la Grand kwake lilikuwa kama la baba. Bega lake lilikuwa limeumia palepale ghalani, siku aliyodaka katoni za sabuni zilizokuwa zinateleza kutoka juu. Daktari wa hospitali ya Westmead alimwambia asinyanyue kitu kupita kifua. Kwa hiyo alikuwa amehamishiwa kwenye meza ya lebo, anakaa kwenye stuli, anabandika karatasi kwenye makatoni kwa kile kimashine kinacholia kama nyenje. Ghala halikuupenda mpango huo. Meza ya lebo ilikuwa mahali pa kupumzishia watu, kila mtu aliitamani, na supavaiza alishaanza kusema kwamba bega gani hili lisilopona.

Asubuhi moja supavaiza alimwambia dada arudi upande wa kunyanyua. Dada alisimama. Alianza tu kuvaa glavu. Grand alikuwa ng'ambo ya mkanda unaosafirisha makatoni. Aliweka chini katoni aliyokuwa ameishika, taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akakunja mikono.

"Yeye akinyanyua," alimwambia supavaiza, "sisi hatunyanyui."

Tuliweka chini wote. Hata Mkenya, aliyekuwa akiogopa sana kupunguziwa zamu. Dereva wa foklifti alizima injini katikati ya njia na kukaa juu pale kama mtu aliyepanda farasi. Mkanda uliendelea kuzunguka bila kitu, na mlio wake, ukiwa mtupu, ulikuwa tofauti kabisa. Meneja alishuka kutoka ofisini, akazungumza kidogo na supavaiza, na dada akavua glavu na kurudi kwenye stuli yake.

Mchana huo meza ya dirishani ilikuwa ina fujo kama harusi. Waliapa mbele ya sahani zao za sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, kwamba hakuna atakayeongea na ofisi peke yake. Grand ataongea kwa ajili ya wote. Dereva alimwaga chai kidogo sakafuni, akasema kwao ndivyo inavyofanywa. Mimi niliapa pia. Mtu aliyeweka katoni chini kwa ajili ya bega la mwenzake hakuwa amepora mbuzi wa mjane, na heshima hiyo nilimpa.

Kitabu chenyewe sikukipa kitu. Nilikwenda maktaba ya Fairfield, nikakiazima, juzuu nene zilizonivuta mkono hadi nyumbani, na nikakisoma kama nilivyokuwa nikisoma taarifa za wakubwa zilizoletwa redioni: polepole, nikitafuta mahali wanapodanganya. Nilikuta mambo ambayo dereva hakuyafanyia igizo kwa mikate. Nilikuta jinsi wanavyomwingiza kundini mtu asiyetaka. Mtu huyo alikuwa mwema, amepewa mtoto mdogo wa bwana wake amtembeze kwenye sherehe. Wanamvuta pembeni kwa maneno, na nyuma yake mwenzao anamuua mtoto. Sasa hana pa kurudi, inabidi awafuate. Kisha wanamwomba radhi, wanamwita ndugu, na wanampa kiti. Nilifunga juzuu hiyo ndani ya treni na kuangalia nje hadi nikapitiliza kituo changu. Milimani kwetu walifanya vilevile kabisa, isipokuwa hawakuomba radhi.

Nilimaliza hadi mwisho, kwa sababu kazi ya nusu siiwezi. Na mwishoni nilikuta jambo ambalo dereva hakuwahi hata kulidokeza. Nilimfuata siku iliyofuata, akiwa anachaji foklifti.

"Kwa nini hukutuambia wanavyoisha?"

"Wanaishia kwenye viti," alisema. "Wote wanakaa. Mwisho."

"Baada ya viti kuna juzuu nzima."

Alinuna. "Hiyo imeongezwa na watu. Siyo ya kweli."

"Nani alikwambia?"

"Kila mtu anajua. Kitabu cha nyumbani kinaishia kwenye viti. Na televisheni, ikifika hapo, bibi alikuwa anazima. Alisema yaliyobaki ni matangazo."

Utangulizi wa nakala ya maktaba ulisema kinyume chake. Hakuna kilichoongezwa, kuna mhariri wa karne za nyuma aliyeukata mwisho, na nakala yake iliyokatwa ndiyo iliyopendwa na kusomwa kizazi baada ya kizazi. Nilimweleza. Alinisikiliza huku akifuta usukani, kisha akasema kwamba huyo mhariri alikuwa na akili.

Ningeliacha hapo kama nisingekuwa nimekwishaona kitu kingine. Pale ghalani sisi tulikunywa kwenye vikombe vya karatasi. Vikombe vya udongo vilikuwa vya ofisini, vya wageni wa meneja. Nilikuwa nimemwona Grand akishuka ngazi za ofisi na kikombe cha udongo mkononi, akakiangalia, akarudi kukiacha juu, kisha akashuka tena mikono mitupu. Na sikuwa nimemwona mara moja tu, naye mezani hakutuambia hata siku moja kwamba alipanda huko.

Nilimkuta uwanja wa magari baada ya zamu, ameegemea gari lake, anamenya chungwa.

"Grand, nina neno."

"Sema, mama ya redio."

"Dereva ametupa nusu ya kitabu."

"Na wewe uko unaniletea nusu ingine." Alinikatia kipande cha chungwa. "Leta."

Nilimwambia. Baada ya kukaa kwenye viti, mfalme anawatumia msamaha. Ndugu wengi hawautaki, mmoja anapiga teke meza kwa hasira, lakini kaka mkubwa anautaka. Tangu siku ya kwanza kumbe alikuwa akitamani cheo na jina safi. Basi wanamfuata, kwa kuwa yeye ndiye kaka mkubwa. Mfalme anawavisha nguo za serikali na kuwatuma wakapigane na wahalifu wengine, watu kama wao. Wengi wanafia huko. Kaka mkubwa anapata cheo chake, kisha anatumiwa kutoka ikulu pombe yenye sumu. Akishajua kwamba anakufa, anamwita ndugu yake mtiifu kuliko wote, yule ambaye hajawahi kumkatalia kitu, na kumnywesha pombe ileile, asije akafanya vurugu na kumharibia jina.

Grand alitema mbegu. "Na yule alikunywa?"

"Alikunywa."

"Basi alikuwa anamupenda."

"Nani anampenda nani, Grand?"

"Wote wawili," alisema. Kisha akafuta mikono kwa leso na kuniangalia vizuri. "Mama, umesikia nini?"

"Sijasikia. Nimeona kikombe."

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alitabasamu kama anavyotabasamiwa mtoto aliyechungulia mlangoni, akaingia garini.

Meneja alituita wiki iliyofuata kwenye chumba cha mafunzo. Kulikuwa na sinia za sandwichi. Alikuwa mwanamke wa sauti laini, asiyegombana na mtu. Alisema ghala linataka amani, na kwamba watu wa mkanda wetu wanahitaji kiongozi wa timu anayetoka miongoni mwao. Alimkabidhi Grand kizibao cha rangi ya chungwa, kipya, bado kina mikunjo ya pakiti. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga, kwa maana hakuna aliyeonewa kwa mtu kupewa kizibao. Kisha meneja akasema kuna mpango mpya: kila mtu atazungushwa, kila kituo cha kazi, kila wiki, ili pasiwe na upendeleo. Usawa, alisema. Akamgeukia Grand.

"Tunakubali," Grand alisema.

"Wote?"

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo meneja hakulijua, au labda alilijua vizuri kabisa. Kwetu mkubwa akishasema mbele ya wageni, mdogo hampingi. Unaweza kumgombeza nyumbani, unaweza kumpelekea wazee, unaweza kukataa kula mezani kwake mwezi mzima. Lakini mbele ya mgeni unanyamaza, na kunyamaza huko hakumaanishi ndiyo. Kunamaanisha tutaonana nyumbani. Meneja alitazama chumba kizima, akaona watu wanaangalia viatu vyao, akaandika kwamba wote wamekubali.

Niliinua mkono.

"Huko kuzungushana kunamhusu na dada huyu mwenye bega?"

Grand hakugeuza kichwa. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: "Tutaongea."

"Tunaongea sasa, Grand."

"Hapana mbele ya hawa."

"Kuna tatizo?" meneja aliuliza.

"Hakuna tatizo," Grand alimjibu kwa Kiingereza.

"Vizuri. Mambo madogo kama hayo mtayamaliza na kiongozi wenu." Akasogeza sinia upande wetu.

Dada Mrundi alikuwa amekaa mkono wa kuume wa Grand, kama kawaida. Alichukua sandwichi, akaipasua vipande vidogo, hakula hata kimoja.

Kesho yake asubuhi Grand alivuka kwenda meza ya lebo akiwa na kizibao chake. Niliacha kazi yangu kutazama. Mkanda mzima ulikuwa na watu, na yeyote kati yao angeweza kuanza zamu ya kuzungushwa. Alikwenda kwa yule tu ambaye asingemkatalia.

"Mudogo wangu," alimwambia, "leo anza ule upande ingine. Siku chache tu. Wakiona sisi wenyewe tunafuata mpango, watatusikiliza."

"Ndiyo, Grand."

Hivyo tu. Aliweka kimashine cha lebo chini, akakinyoosha kikae sawa na ukingo wa meza, akavaa glavu. Nilimwona akiinua katoni ya kwanza kwa kuibana tumboni. Ya pili alilazimika kuipandisha juu ya safu ya tatu, na uso wake ulikunjika upande mmoja.

Nilikwenda nikaishika ile katoni. "Iweke chini."

"Niache, mama."

"Bega litatoka."

"Niache. Grand amesema."

Hakuiachia, na mimi sikuiachia, tukaivuta sabuni huku na huku kama watoto wa shule. Foklifti ilikuwa imesimama nyuma yetu. Dereva alikuwa akinitazama, mdomo wazi. Niliiachia. Nikapanda ngazi za ofisi na glavu zangu mkononi.

Meneja alinikaribisha vizuri, na akamwita Grand aje, kwa kuwa sasa mambo yetu yalipaswa kupitia kwake. Alipoingia nilisema nilichokuja kusema, kwa Kiingereza, polepole, kama nilivyokuwa nikisoma habari.

"Mtu huyu hasemi kwa niaba yangu. Na hasemi kwa niaba ya yule dada. Bega lile liliumia humu ndani, mbele yetu sote, na daktari alisema asinyanyue. Hivi ninavyosema ananyanyua."

Grand alinigeukia. Alisema kwa Kiswahili: "Mama, uko unanivua nguo mbele ya wazungu."

"Nguo hiyo wamekuvika wao, Grand."

Meneja hakuelewa maneno hayo, lakini yale ya kwanza aliyaelewa, hasa yale mawili, humu ndani na daktari. Uso wake laini ulibadilika kidogo, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Alimgeukia Grand.

"Jambo hili nililiacha mikononi mwako," alisema. "Ulijua kuhusu daktari?"

Alijua. Meneja naye alijua. Yeye mwenyewe alikuwa ameshuka asubuhi ile mkanda ulipozunguka mtupu. Grand angeweza kulisema hilo, lilikuwa palepale, na nilimsubiri aliseme. Aliangalia zulia. Nikawakasirikia wote wawili kwa kiwango kimoja.

Kabla ya chakula cha mchana dada alikuwa amerudi kwenye stuli, na supavaiza aliambiwa asimguse tena. Grand aliachiwa kizibao na kupewa onyo. Aliteremka ngazi akiwa ameshika reli, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya.

Nilidhani meza ya dirishani ingemwuliza kitu. Nilipoingia na chakula changu, kiti cha karibu na pipa kilikuwa kimeondolewa. Hakikukaliwa na mtu, kilikuwa kimesukumwa hadi ukutani. Wengine wote walikuwa kwenye nafasi zao, Grand kichwani, dada mkono wa kuume. Mkenya alitazama wali wake kama anausomea mtihani.

"Mnanifukuza?" niliuliza.

Aliyejibu alikuwa dada. "Mama, hukupaswa."

"Bega lako lingetoka."

"Bega ni langu." Hakuinua sauti. "Umemufanya mutu mzima kama mutoto. Na mimi ndiye sababu. Nitamwangalia je?"

"Yeye alikuangalia je ulipokuwa unanyanyua?"

"Hilo ningemuuliza mimi. Nyumbani."

Jumapili, kanisani Guildford, sahani ya sambusa ilipita mbele ya kiti changu ikiwa juu kidogo, kiasi cha mkono wangu kutofika. Mama mmoja mzee alinisalimu kwa kunitakia afya njema na akili njema, akasisitiza ile ya pili. Mpaka leo, Grand akinikuta kwenye mkanda ananielekeza kazi kwa Kiingereza.

Kitabu nilikirudisha maktaba. Kuna wasomi, nilisoma kwenye utangulizi, wanaosema mwisho ule uliandikwa ili kuwaonya watu wasiasi. Wengine wanasema uliandikwa ili kuwaonya waasi wasiiamini serikali. Nadhani wote hawajawahi kukaa na kundi la namna hiyo wakati wa kula. Mimi nilichokiona ni kwamba mfalme hakuwahi kulazimika kupanda ule mlima. Alihitaji kumjua mtu mmoja tu ambaye wengine hawamkatalii, na wao wenyewe walishampangia kwa daraja, kiti kwa kiti. Na watu wamelipenda kundi hilo karne zote hizi, wakalichora ukutani na kulitia kwenye pakiti za tambi, kwa sharti la kuzima televisheni kabla halijaonyesha lilivyo.

Sasa nakula kwenye meza ya karibu na maikrowevu. Siku ya tatu au ya nne dereva alikuja na chombo chake, akavuta kiti bila kuniomba. Alikula mikate yake hadi ukabaki mmoja.

"Dada mkubwa," alisema hatimaye, "yule aliyekunywa. Alijua kwamba ni sumu?"

"Hakujua. Aliambiwa baadaye."

"Akasema nini?"

"Kisome."

"Sitaki kukisoma." Alisukuma mkate wa mvuke upande wangu. "Niambie wewe."

"Nilikwambia kisome. Na usinihonge kwa vichwa vya watu."

Alicheka peke yake. Kengele ililia. Kwenye meza ya dirishani walisimama kwa mpangilio wao, Grand kwanza, na dada Mrundi akapita nyuma yangu akiwa ameshika glavu mpya ambazo kwenye meza ya lebo hakuzihitaji. Hakunisalimu. Nilisubiri nikiwa nimempa mgongo, hadi upande wa pili wa ukuta kimashine cha lebo kilipoanza kulia.